Pedi za breki kwa pikipiki ya safari ndefu: unachaguaje?

Swali la kwanza watu wanalouliza dukani ni pedi ipi inakamata sana, na mi naona hilo swali linawapoteza. Pikipiki ya safari ndefu ni nzito, nyingi zenyewe tu zinavuka kilo 250, ukijipandisha wewe, abiria nyuma na maboksi matatu yamejaa unakaribia kilo 400 au unapita kabisa, halafu mzigo wote huo unashuka nao mlima mrefu kona baada ya kona, na ukifika chini mvua inanyesha. Kwahiyo unayoitaka ni pedi inayokamata vilevile asubuhi ikiwa baridi, katikati ya mteremko ikiwa imechemka, na kwenye mvua diski (ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi) ikiwa imelowa. Kukamata sana bila hayo matatu hakukusaidii kitu, tena pedi za mashindano ndo usiziguse kabisa, zile zinataka joto kwanza ndo zifanye kazi na wewe breki unayoihitaji zaidi ni ile ya ghafla ukiwa ndo umetoka tu kituo cha mafuta.

Aina zenyewe. Kuna za ogani, zimetengenezwa kwa nyuzi kama za kevla zimegandishwa na gundi maalum, ni laini, hazina kelele, zinakamata taratibu bila kushtua na hazili diski haraka, ila zikichemka sana zinaanza kuteleza, zikilowa nazo zinapungua nguvu, na zinaisha mapema. Halafu kuna za sintadi, hizi ni unga wa metali (shaba ndo nyingi) umeshindiliwa na kuchomwa mpaka ukashikana. Hazitishwi na joto, kwenye mvua zinakamata karibu sawa na kavu, na zinadumu. Katikati ya hizo mbili kuna zile zenye mchanganyiko, ogani iliyotiwa metali kidogo, si mbaya kwa anayetembea peke yake bila mzigo.

Kwa safari za mzigo mi nasema bila kusita, mbele weka sintadi. Nyuma inategemea. Kama pikipiki yako nyuma huwa inafunga tairi haraka au mguu wako mzito, pedi laini kidogo inakupa nafasi ya kuicheza breki vizuri, na nyuma ndo breki unayoitumia kwenye kona za taratibu na kwenye kokoto ambako hutaki kushtuliwa. Ila kama pikipiki yako ina breki zilizounganishwa, yaani ukishika ya mbele na ya nyuma inafanya kazi, usichanganye aina, fuata alichosema mtengenezaji, kwasababu ule mgawanyo wa nguvu ulipimwa kwa pedi fulani. Na ukiwa na breki za aina hiyo pedi za nyuma uzichungulie mara kwa mara, mara nyingi zinawahi kuisha kuliko unavyotegemea.

Lakini kabla ya yote hayo angalia diski. Diski nyingi za siku hizi ni za chuma cha pua na zimetengenezwa kuvumilia sintadi, ila pikipiki za zamani zenye diski za kasti ayani (chuma cha kumimina), au diski iliyobadilishwa ikawekwa isiyoeleweka, sintadi itaitafuna, hapo chukua ogani. Kwenye diski yenyewe karibu na katikati kuna maandishi madogo, MIN TH na namba kwa milimita, mfano 4.5, huo ndo unene wa mwisho. Pima pale pedi inapopita, sio ukingoni, manake ukingo haulikagi na utakudanganya. Ukikuta imefika hapo pedi mpya ya bei yoyote haitakuokoa.

Sasa geuza pedi uisome. Nyuma kwenye bati au pembeni utakuta herufi mbili zimekaa pamoja, GG, HH, FF na kadhalika. Herufi ya kwanza ni msuguano breki ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ikiwa imechemka sana. F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55, H ni zaidi ya 0.55. Mi naiangalia zaidi ile ya pili, na nataka zifanane, pedi ambayo herufi ya pili iko chini ya ya kwanza inakwambia yenyewe kwamba mlimani itakuangusha. HH ndo inayozoeleka kwenye sintadi nzuri. Kuna alama nyingine pia, 90R ikiwa na herufi E ndani ya duara, hiyo inamaanisha imepita kipimo cha Ulaya cha pedi za kubadilishia. Pedi isiyo na herufi wala alama yoyote, kingo zimechanika chanika, ile sehemu inayolika haijashika vizuri kwenye bati, rudisha dukani hata kama boksi lina jina kubwa, feki ni nyingi.

Umbo nalo usiliamini kwa jina la pikipiki tu, modeli moja inaweza kubadilishiwa kalipa (kile kifaa kinachobeba pedi na kuzibana kwenye diski) mwaka unaofuata au yenye ABS, mfumo unaozuia tairi kufunga, ikawa tofauti na isiyo nayo. Toa ya zamani, ilaze juu ya mpya, matundu ya pini na masikio viendane kabisa. Hapohapo iangalie ya zamani imelikaje: imelika upande mmoja kama kabari, au ya ndani imeisha na ya nje bado nene, basi pistoni inayosukuma pedi au pini imekwama na pedi mpya nayo itaisha hivohivo, safisha kalipa kwanza. Usisubiri mpaka 1 mm, kwa safari ndefu zikibaki 2 mm badilisha kabla hujatoka, na mbele kama una diski mbili badilisha pande zote kwa pamoja.

Kingine ambacho watu wanakiruka, sintadi inapitisha joto zaidi kwenda kwenye kalipa, kwahiyo kile kibati cha nyuma ya pedi kama kilikuwepo kirudishe, na oili ya breki kama ina zaidi ya miaka 2 imwage. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya unyevu inaweza kushuka mpaka 155, na leva ya breki ikienda mpaka kwenye mpini mlimani ujue oili imechemka, kosa sio la pedi.

Ukirudisha pistoni ndani chungulia kitanki, oili isimwagike kwenye rangi. Kabla hujaondoka pampu leva mpaka iwe ngumu, halafu kilomita mia kadhaa za mwanzo shika breki kwa upole na kwa vipindi, toka spidi 60 shuka mpaka 10, achia, zipoe, rudia, bila kusimama ukiwa umezibana zikiwa za moto.