Jinsi ya kulala na kula vizuri ukianza wodi (kwa wanafunzi wa udaktari)

Juzi dogo mmoja wa mwaka wa tatu kaja rumu macho mekundu, eti bro usingizi umenikataa na Jumatatu naanza wodi. Tukakaa tukapanga hivi.

Hatua ya 1: Kula kabla ya raundi (kupitia wagonjwa kitanda kwa kitanda na madaktari). Yai la kuchemsha na kiazi kitamu, chapati, chochote. Siku ya thieta (chumba cha upasuaji) ndo usithubutu kuruka kula, kusimama masaa matatu na njaa utageuka mgonjwa wa pili.

Hatua ya 2: Beba chupa ya maji.

Hatua ya 3: Usingizi. Hapa mimi nilipoteza nusu semista. Napanda kitandani saa sita, nageuka geuka mpaka saa tisa, nikajipa ugonjwa wa wasiwasi mwenyewe, kumbe ni enaji dringi ya saa mbili usiku niliyokuwa nachukua dukani kwa Mangi ili nipige msuli wa kusoma. Kafeini iliyomo kwenye enaji tumeisoma wote kwenye famakolojia (somo la dawa), mtihani tukajibu, ila hakuna anayejiuliza kama inamhusu: inachukua kama masaa matano kupungua nusu, kwahiyo ya saa mbili usiku, saa saba nusu yake bado unayo. Mwisho wako uwe saa nane mchana. Na usijidanganye umehamia chai ya rangi, nayo inayo, sema kidogo. Ukiacha ghafla kichwa kitakugonga siku mbili tatu, bora upunguze taratibu.

Kama una zamu ya usiku, lala mchana kabla ya kuingia, lisaa na nusu hivi. Ukitoka asubuhi usishike desa (notisi za kusoma)! Funga pazia, jifunge kanga machoni (vile vitambaa vya macho vya kununua vinabana masikio, kanga ya mama haina mpinzani), zima data, ila weka alamu ya mchana ili usiku nao ulale. Simu itumbukize kwenye sufuria tupu mbali na kitanda, inavyopiga kelele utainuka tu, rumeti muombe radhi mapema. Siku za kawaida kusinzia mchana ni dakika 20, ukivuka nusu saa unaamka kama umetoka nusu kaputi. Mi niliwahi kusinzia wima kwenye raundi, faili likaponyoka likatua miguuni kwa mgonjwa, bibi wa watu akaniangalia akasema mjukuu wangu, kalale.

Hatua ya 4: Mazoezi. WHO wanataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuhemesha kidogo. Jimu ya nini? Hosteli mpaka wodi robo saa mwendo wa haraka, kurudi robo saa, siku tano, zimetimia.

Hatua ya 5: Boom (pesa ya mkopo wa chuo) likiingia, kabla ya viatu, nenda kwa mama ntilie lipia wiki mbili mbele, wali maharage, umwambie soda hutaki, akuongezee mchicha.