Jinsi ya Kucheza Mchezo wa Herufi na Makundi kwa Kiswahili

Mchezo huu hauhitaji zaidi ya karatasi, kalamu na watu wanne hivi waliokaa sebuleni wakisubiri chakula kiive. Kila mchezaji huchora safu na kuziandikia vichwa: jina la mtu, mnyama, tunda, nchi, chombo cha nyumbani. Mmoja hukariri alfabeti kimoyomoyo, mwenzake humwambia "simama", na herufi aliyofikia ndiyo ya duru hiyo. Wa kwanza kujaza safu zote hupaza sauti "basi!", na hapo kalamu huwekwa chini, hata kwa aliyefika katikati ya neno.

Jibu ambalo hakuna mwingine aliyeliandika hupata alama 10, lililogongana hupata 5, na nafasi tupu haipati kitu. Kwa herufi P, ikiwa wawili wameandika paka, mmoja punda na wa nne pomboo, wenye paka wataondoka na 5 kila mmoja na wengine 10. Kubalianeni mapema kama wadudu wanahesabiwa kuwa wanyama, maana panzi huzua ubishi mrefu kuliko mchezo wenyewe.

Kazi kubwa ni kuchagua makundi yanayoendana na Kiswahili. Ukiweka kundi la lugha, karibu zote zitaangukia K kwa sababu ya kiambishi "ki-". Ukiweka miti, mwembe, mnazi na mpera zitarundikana kwenye M. Kundi la kazi nalo huelemea M, ingawa daktari, rubani, seremala na kinyozi hulinusuru kidogo. Majina yaandikwe katika umoja, ili embe libaki E na lisihamishiwe M kwa kuitwa maembe, isipokuwa yale yasiyo na umoja unaotumika, kama maji na maziwa. Mkiweka kundi la vitendo, hesabuni bila "ku-", yaani "kupika" iwe ya P.

Herufi nazo zichujwe. Q na X hazimo katika alfabeti yetu, na C huja ikiwa Ch. Kete ya pande 20 ya Scattergories, mchezo ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1988, huziacha pia U, V, Y na Z. Sisi hatuna sababu ya kuziacha, kwani U peke yake ina Uganda, Ureno, Uturuki na Ugiriki, na Z ina zabibu, Zambia na zulia.

Swali jingine ni kama neno moja linaweza kujaza safu mbili. Kwa herufi M, mbuzi ni mnyama na pia ni kifaa cha kukunia nazi. Mimi humpa mwenye jibu hilo alama zote mbili, kwa kuwa amestahili. Jibu lenye shaka hutetewa mara moja tu na mwenyewe, kisha wenzake hupiga kura, naye hapigi.