Kubana Faili kwenye Kompyuta ya Zamani yenye Kumbukumbu Ndogo

Kompyuta yenye RAM ya MB 512 inaweza kubana faili (kupunguza ukubwa wake) vizuri, mradi programu isidai kumbukumbu kuliko iliyopo. Ikidai zaidi, mfumo endeshi huanza kuhamishia data kwenye diski, na kazi inayosonga kwa kasi ya kuridhisha hukwama ghafla.

Hatua ya kwanza ni kupima kumbukumbu iliyo huru wakati huo. Funga kivinjari na programu nyingine, kisha andika `free -m` kwenye Linux au ufungue Task Manager kwenye Windows.

Hatua ya pili, chagua njia ya kubana. Programu ya gzip hutazama nyuma KB 32 tu za data, hivyo huendeshwa karibu na mashine yoyote. Programu ya bzip2, hata katika kiwango cha 9, ambacho ndicho cha juu kabisa, huhitaji takriban MB 8. Njia ya LZMA, inayotumiwa na 7-Zip na xz, kwa kawaida hubana zaidi, lakini ndiyo inayokula kumbukumbu.

Ukichagua LZMA, hatua ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: punguza kamusi, yaani kiasi cha data iliyokwisha kupita ambacho programu hukishikilia ili itafute marudio. Kubana huhitaji kumbukumbu takriban mara kumi au zaidi ya ukubwa wa kamusi, ilhali kufungua huhitaji kiasi kinachozidi kamusi yenyewe kidogo tu. Amri ya `xz -9` yenye kamusi ya MB 64 hudai takriban MB 674. Amri ya `xz -6`, yenye kamusi ya MB 8, hudai MB 94. Na `xz -2` hutosheka na MB 17. Kamusi inayozidi ukubwa wa data unayoibana haikupi faida yoyote, kwa hiyo usiione hatua hii kuwa hasara. Kwa 7-Zip, mimi hupendekeza:

`7z a -mx=5 -md=4m -mmt=off nyaraka.7z nyaraka`

Sehemu ya `-md=4m` huweka kamusi ya MB 4, na `-mmt=off` huzuia kazi kugawanywa katika nyuzi kadhaa (threads, yaani sehemu zinazoendeshwa kwa wakati mmoja), kwa kuwa kila uzi unaoongezwa huongeza matumizi ya kumbukumbu.

Picha za JPEG na muziki wa MP3 tayari zimebanwa; ziunganishe kwa `-mx=0` tu, yaani bila kuzibana tena.

Mwisho, kabla ya kufuta faili za awali, hakiki kwa `7z t nyaraka.7z`, kwani RAM iliyochakaa inaweza kuharibu data bila kutoa onyo lolote.