Diski C imejaa: kupata nafasi kwenye kompyuta ya zamani bila kupoteza mafaili yako

Mstari ulio chini ya diski C ukigeuka mwekundu, wengi hukimbilia kufuta chochote kinachoonekana kikubwa. Hapo ndipo picha za harusi huondoka pamoja na takataka, au kompyuta ikakataa kuwaka kesho yake asubuhi. Kazi hii ina mpangilio: kagua afya ya diski, tafuta kilichokula nafasi, toa nakala, ndipo ufute. Na unapofuta, anza na vile ambavyo kompyuta inaweza kujitengenezea upya yenyewe.

Maelezo haya yanafuata Windows 10, na hatua nyingi zinafanya kazi kwenye Windows 7 na 8.1 pia. Mfano wetu ni kompyuta yenye diski ya GB 320 na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8. Usishtuke ukiona Windows inaandika GB 298 tu. Hakuna aliyekuibia: kiwanda huhesabu GB moja kwa baiti 1,000,000,000, Windows huhesabu kwa 1,073,741,824.

Afya ya diski kwanza

Diski ya miaka kumi inaweza kuwa imejaa na huku inakufa, na dalili zinafanana: mashine nzito, mafaili yanachelewa kufunguka, skrini inaganda. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, utazame mistari mitatu: 05, C5 na C6. Kama safu ya "Raw Values" ni sifuri tupu kwenye mistari hiyo, endelea. Ukiona rangi ya njano na neno "Caution", kuna sehemu za diski zilizokwisha kuharibika au zisizosomeka. Hapo usifute wala usipange upya chochote. Nakili mafaili yako muhimu siku hiyo hiyo, kisha tafuta diski nyingine. Diski inayotoa mlio wa kugonga unaojirudia izime kabisa, kwa sababu kila dakika inayozunguka inazidi kujiumiza.

Chomeka chaja. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), chagua saa ambayo umeme wenu hautarajiwi kukatika. Kufuta picha katikati ya umeme kukatika si hatari kubwa, lakini kukatika wakati Windows inasafisha mafaili ya mfumo kunaweza kukuachia masasisho yanayogoma.

Nani kala nafasi

Usikisie. Pakua programu ya WizTree. Inasoma orodha ya mafaili ya diski yenyewe badala ya kupita folda moja moja, kwa hiyo hata diski nzito inamaliza kwa muda mfupi. Bofya programu kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", kisha uchague C. Folda kubwa zitajipanga juu.

Soma orodha hiyo kwa utulivu kabla hujagusa kitu. Ingia ndani ya Users, kisha jina lako, kisha Downloads. Mara nyingi utakuta faili lile lile limeshushwa mara nne: Fomu.pdf, Fomu (1).pdf, Fomu (2).pdf, na video za WhatsApp Web zilizofunguliwa mara moja tu. Utakuta pia mafaili ya kusakinishia programu ambazo tayari zimesakinishwa. Kwenye mzizi wa C kuna hiberfil.sys na pagefile.sys, na kama Windows iliwahi kupandishwa toleo hivi karibuni, Windows.old.

Kuna majina yatakayokutamanisha kwa ukubwa wake, nayo usiyafute kwa mkono:

- C:\Windows\Installer. Humo kuna mafaili ambayo programu zako huyatafuta siku ya kusasishwa au kuondolewa. Ukiyafuta, leo hutaona tatizo lolote. Miezi sita baadaye Office itagoma kusasishwa wala kuondoka.
- C:\Windows\WinSxS. Inaonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu mafaili yake mengi ni yale yale ya System32 yanayohesabiwa mara mbili. Ina njia yake ya kusafishwa, iko hapa chini.
- pagefile.sys. Ni msaidizi wa RAM. Kwenye mashine ya RAM ndogo, kuiondoa kutafanya programu zijifunge zenyewe.

Nakala, kabla ya kufuta hata kimoja

Tumia diski ya nje au flashi kubwa. Kama ilifomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, faili moja lenye GB 4 au zaidi halitaingia hata kama nafasi ipo tele. Dawa ni kuifomati upya kwa exFAT, lakini kufomati kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisha vilivyomo kwanza. Na ukichomeka flashi ukaona tupu au imejaa alama za njia za mkato, usiamini kwamba haina kitu: kirusi maarufu cha flashi huficha folda halisi. Jaribu kwanza amri hii, ambapo E ni herufi ya flashi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zikirudi, pitisha antivirusi kabla ya kunakili chochote.

Kwa kunakili, acha ile kata na kubandika. Ikikwama katikati, hujui kipi kimevuka na kipi kimebaki. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, kisha kwenye kidirisha cheusi andika:

robocopy "%USERPROFILE%\Pictures" "E:\Nakala\Picha" /E /R:1 /W:1

/E inachukua folda zote za ndani. Hizo mbili za mwisho ni muhimu kwenye diski kuukuu: usipoziweka, robocopy ikikutana na faili lisilosomeka itajaribu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Usiongeze /MIR uliyoiona mahali, maana hiyo hufuta kule unakopeleka chochote kisichokuwepo unakotoa. Mwishoni patatokea jedwali. Safu ya FAILED isome sifuri. Fungua picha kumi hivi kutoka kwenye diski ya nje, toka folda tofauti, uhakikishe zinafunguka. Rudia kwa Documents, Desktop na Videos.

Kama unatumia OneDrive, kwanza tazama folda zako ziko wapi, kwani Pictures inaweza kuwa ndani ya folda ya OneDrive. Ukifuta faili humo, linafutika na kule mtandaoni na kwenye simu. Unachotaka ni kulibofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Free up space": faili linabaki mtandaoni, linatoka kwenye diski. Kumbuka tu kwamba siku ukilifungua tena, litashuka kwa bando lako.

Sasa futa, kwa mpangilio huu

1. Washa kompyuta upya. Programu zilizosakinishwa karibuni huacha mafaili ya muda ambayo bado zinayahitaji mpaka kompyuta iwashwe upya.

2. Kitufe cha Windows na R, andika cleanmgr, chagua C, kisha bofya "Clean up system files" na uchague C tena. Weka tiki kwenye "Windows Update Cleanup", "Temporary files", "Delivery Optimization Files" na "Thumbnails". "Previous Windows installations" ni ile Windows.old: iweke tiki ikiwa tu toleo jipya linafanya kazi vizuri na hutaki kurudi nyuma. Sasa soma orodha tena toka juu. Matoleo kadhaa ya Windows 10 yaliweka "Downloads" humo humo, na si wote wanaoiona kabla ya kubofya OK. Ondoa tiki yake, na ya "Recycle Bin" pia mpaka utakapokuwa umeikagua kwa macho.

Usafishaji wa masasisho unaweza kuchukua saa nzima kwenye mashine ya zamani, na kwenye Windows 7 huendelea hata wakati wa kuzima na kuwasha. Usiikatishe kwa kubonyeza kitufe cha kuzima.

3. Windows na R, andika %temp%, chagua vyote, futa. Ikisema faili linatumika, bofya "Skip".

4. Kwenye Chrome au Edge bonyeza Ctrl, Shift na Delete pamoja. Chagua muda wote, na uweke tiki kwenye picha na mafaili yaliyohifadhiwa peke yake. Ukifuta na kuki, utatolewa kwenye akaunti zako zote. Nywila usiziguse.

5. Rudi Downloads, panga kwa ukubwa, pitia moja moja. Hapa hakuna njia ya mkato, na ndipo GB nyingi zaidi hupatikana.

6. Programu usizotumia ziondoe kupitia "Apps & features", kamwe usifute folda zake ndani ya Program Files. Programu zinazoahidi kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) achana nazo. Rejista haikupi nafasi yoyote ya maana, na kosa moja humo linaweza kuangusha mfumo.

Mafaili makubwa ya mfumo

Ukiwa bado unahitaji nafasi, fungua cmd kwa "Run as administrator".

hiberfil.sys ndipo kompyuta inapohifadhi kazi yako ikilala kabisa. Kwa kawaida ni karibu asilimia 40 ya RAM, yaani GB 3.2 kwenye mfano wetu. Amri powercfg /h off inaliondoa papo hapo, na powercfg /h on inalirudisha. Ila fikiri kuhusu betri. Betri inapokaribia kuisha, kompyuta mpakato nyingi huokoa kazi yako kwa kulala hivyo. Ukizima, umeme ukikatika na betri ni chovu, barua uliyokuwa unaandika imekwenda. Kwenye kompyuta ya mezani zima bila wasiwasi. Kwenye mpakato inayotegemea betri, ni bora kuacha.

WinSxS ipimwe kwanza:

Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore

Ikijibu "Component Store Cleanup Recommended : Yes", andika:

Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Itaonekana imeganda kwenye asilimia fulani kwa muda mrefu. Iache. Nyongeza ya /ResetBase hupunguza zaidi, lakini baada yake huwezi kuondoa sasisho lililoleta kasoro, kwa hiyo si ya kila mtu. Amri hizi mbili hazimo kwenye Windows 7. Huko tegemea hatua ya 2.

Kwa vituo vya kurejesha mfumo, bonyeza Windows na R, andika SystemPropertiesProtection, chagua C, bofya "Configure" na ushushe "Max Usage" hadi asilimia 3. Kwenye GB 298 hiyo ni karibu GB 9, inatosha. Usizime kabisa, maana ndivyo vitakavyokuokoa ikiingia "driver" mbovu, yaani programu inayoendesha kifaa fulani cha kompyuta.

Kama kuna sehemu ya pili ya diski, tuseme D, hamishia huko folda ya Documents au Videos: kitufe cha kulia, "Properties", "Location", "Move". Tengeneza kwanza folda, mfano D:\Videos, uichague hiyo. Ukichagua D: tupu, diski nzima inageuka kuwa folda ya Videos na kuirudisha ni usumbufu. Na kama hiyo D imeandikwa "Recovery", si ya kuweka wala kufuta chochote.

Umefuta, lakini nafasi haikuongezeka

Kwanza tazama Recycle Bin. Faili likiwa humo bado linakalia nafasi yake. Pili, vituo vya kurejesha huweza kuhifadhi kilichofutwa, ndiyo maana unafuta GB 10 ukaona sita tu. Kwenye cmd iliyofunguliwa kwa "Run as administrator", andika vssadmin list shadowstorage uone vimechukua kiasi gani.

Lengo ni kuacha asilimia 15 wazi, karibu GB 45 kwenye mfano wetu, kwa sababu upangaji upya wa diski ya sahani (ile inayozunguka) unahitaji kiasi hicho ili ufanye kazi kikamilifu. Ukishafika hapo, andika defrag C: /O kwenye cmd hiyo hiyo. Kama ni diski ya sahani itapangwa. Kama ni SSD, diski isiyo na sahani, Windows itaipa tu kazi inayoifaa.

Diski inayojaa tena yenyewe ndani ya siku chache bila wewe kuweka kitu ina mkosaji wake. Endesha WizTree leo, piga picha ya skrini, rudia baada ya siku tatu ulinganishe. Kwenye Windows 7 tazama C:\Windows\Temp: ukikuta mafaili mengi yenye jina linaloanza na cab_, sababu ni faili la kumbukumbu ndani ya C:\Windows\Logs\CBS lililovuka GB 2. Mfumo unajaribu kulibana, unashindwa, unaacha mabaki, kisha unajaribu tena. Kufuta yale ya cab_ peke yake hakusaidii, yatarudi. Kwenye cmd ya "Run as administrator" andika net stop trustedinstaller, futa mafaili ya CbsPersist ndani ya folda ya CBS, ndipo ufute ya cab_, kisha uwashe kompyuta upya.