Penalti ya kichwani: jinsi ya kutazama na kujenga picha kabla ya kupiga

Ukipiga penalti hamsini mfululizo mguu unachoka, na zile kumi za mwisho unazoea kukosea tu. Ndiyo maana sehemu ya zoezi huhamishiwa machoni na kichwani. Mpira bado utaupiga, ila mashuti ya hovyo yatapungua.

Hatua ya 1: Tazama ukiwa na swali

Tafuta video iliyochukuliwa nyuma ya mpigaji anayetumia mguu uleule unaoutumia wewe. Ikichukuliwa upande wa kipa, utabaki unageuza kulia kuwa kushoto badala ya kutazama. Iangalie mara tano. Ya kwanza, angalia tendo zima. Ya pili na ya tatu, punguza kasi na jicho lisibanduke kwenye mguu wa kusimamia: unatua sambamba na mpira au nyuma yake? Vidole vimeelekea wapi? Mbili za mwisho rudisha kasi ya kawaida, kwa sababu mwendo wa polepole huonyesha umbo lakini huharibu mdundo.

Mtazame pia mwenzako anayejifunza, hasa anapokosea na kusahihishwa. Staa hakosei mara nyingi kiasi cha kukuonyesha kosa linavyoanza.

Hatua ya 2: Ingia ndani ya picha

Wengi hujilaza kitandani na kufumba macho. Kwa kutuliza akili, sawa. Kwa kujifunza ufundi, vaa njumu, simama uwanjani, weka mpira kwenye alama ya mita 11. Usijione kama uko kwenye televisheni. Ona kwa macho yako mwenyewe: filimbi, pumzi inatoka, hatua za kuufuata mpira, uzito unahamia mguu wa kusimamia, kifundo cha mguu wa kupiga kimekazwa, ubavu wa ndani wa kiatu unagusa mpira. Sikia na ule mlio. Kipa mwache aruke anakotaka. Kona yako usiibadilishe.

Hatua ya 3: Pima muda

Muda ni mojawapo ya mambo saba ambayo watafiti wa saikolojia ya michezo Paul Holmes na David Collins waliyaweka mwaka 2001 kwenye PETTLEP, mfumo wao wa mazoezi ya kichwani, na ni rahisi kulipuuza. Washa saa kuanzia filimbi hadi mpira unapogusa nyavu, kwanza kwa penalti ya kweli, kisha ya kichwani. Tuseme ya kweli ni sekunde sita na ya kichwani mbili: kuna kitu umekiruka, mara nyingi ni zile hatua za kuufuata mpira. Rudia mpaka zikaribiane.

Hatua ya 4: Changanya

Picha moja, shuti moja, mara kumi. Pumzika, rudia seti moja, basi. Picha ikianza kufifia umechoka, acha.

Inapoharibika

Mpira wa kichwani ukipaa juu ya mtambaa wa panya, usijiambie "usipaishe". Neno hilo ndilo linaloirudisha picha ileile. Simamisha picha, irudishe nyuma kidogo, uone mguu wa kusimamia ukitua sambamba na mpira. Ukitua nyuma, kiwiliwili hulalia nyuma na mpira hupaa, kichwani na uwanjani vilevile.

Na wapo wasioona picha yoyote wakifumba macho. Hao washike hisia za mwili na maneno matatu wanayoyatamka kwa mdundo wa tendo lenyewe: tua, kaza, pitisha.