Peugeot 504 ya familia: kazi za Oktoba kabla mvua hazijafika Tabora

Peugeot 504 ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Barabara mbovu haziiui. Kinachoiua ni maji ya rejeta yaliyosahaulika. Hedi yake (sehemu ya juu ya injini) ni ya alumini, bloku ni ya chuma, na slivu, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji yenyewe, zikizuiwa chini na sili nyembamba. Maji yakiwa machafu, vyote vitatu huliwa pamoja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maji. Vipimo ni vya injini ya petroli.

Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa imepoa usiku kucha.

1. Kagua kabla ya kushika spana. Vuta stiki ya oili. Ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: usiwashe injini, nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee usikutishe haraka. Gari linaloishia sokoni na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Liendeshe mpaka Nzega na kurudi, kisha angalia tena.

Oili ikiwa safi, fungua rejeta, washa injini ikiwa bado baridi na uitazame midomo ya rejeta kwa dakika chache. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyokwama. Mapovu yasiyokoma, hasa ukikanyaga mafuta kidogo, ni moshi unaopita kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku.

2. Mwaga maji yote, pamoja na ya kwenye bloku. Wengi hufungua rejeta tu. Bloku nayo ina bolti yake ya kumwagia maji, na huko ndiko tope la kutu hutulia, kwenye miguu ya slivu. Ukiitoa bolti na maji yasitoke, usidhani bloku ni tupu: tundu limeziba. Lichokonoe kwa waya mgumu mpaka tope lifunguke. Kisha ingiza mpira wa maji sehemu ya thamostati (kizuizi kinachofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto) na usafishe mpaka yatoke meupe. Rejeta isafishe kinyume, maji yaingie chini na kutokea juu.

3. Pima thamostati na kifuniko cha rejeta. Itumbukize thamostati kwenye sufuria ya maji yanayopata moto. Lazima ifunguke kabla maji hayajachemka, na ijifunge ikipoa. Kuitoa na kuitupa, kama inavyofanyika kwenye gereji nyingi, si dawa. Injini itafanya kazi ikiwa baridi, itakula mafuta na kumaliza ringi za pistoni mapema.

Kifuniko nacho kina uzito wake hapa kwetu. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96. Presha ya kifuniko ndiyo inayozuia yasichemke mapema, kwa hiyo raba ikiwa imepasuka au springi imelegea, gari litachemsha hata kama rejeta ni mpya. Nunua chenye presha ileile iliyoandikwa kwenye cha zamani.

4. Jaza upya. Mfumo unachukua karibu lita 8. Weka kulanti theluthi moja. Baridi ya kugandisha maji hatuna, lakini alumini inahitaji ile dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kisima yana chumvi inayoganda kwenye slivu. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi, au maji ya betri yasiyo na asidi. Fungua koki ya hita, mimina taratibu huku ukiminya hozi ya juu, washa injini mpaka thamostati ifunguke, kisha ongeza.

5. Feni. 504 nyingi zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme, na umeme hupitia kwenye kaboni ndogo inayosugua feni. Kaboni ikiisha, feni huzunguka kivivu tu. Injini ikiwa imezimwa, peleka umeme wa betri kwenye waya wa kaboni kwa waya wenye fyuzi. Lazima usikie mlio mfupi wa kushika.

6. Vavu. Pima nafasi kati ya vavu na roka inayoisukuma, injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.10 mm, za ekzosi 0.25 mm. Zungusha injini kwa mkono na ufuate mpangilio huu (namba ni za silinda):

Ekzosi ya 1 ikifunguka kabisa, pima ya kuingiza ya 3 na ekzosi ya 4.
Ekzosi ya 3: kuingiza ya 4, ekzosi ya 2.
Ekzosi ya 4: kuingiza ya 2, ekzosi ya 1.
Ekzosi ya 2: kuingiza ya 1, ekzosi ya 3.

Peugeot huhesabu silinda ya 1 kutoka upande wa gia boksi. Kwa vavu, hata ukianzia upande wa rejeta mpangilio unakubali. Kwa nyaya za plagi na taimingi, usichanganye. Nafasi za ekzosi zikipungua kila unapopima, siti za vavu, pale vavu inapokaa ikijifunga, zinaliwa. Usingoje mpaka vavu iungue.

7. Breki na bodi. Badilisha mafuta yote ya breki kila miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu na kutia kutu ndani ya silinda. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na chini ya kioo cha mbele. Anayeegesha chini ya mwembe ayakague kila wiki, majani huyaziba. Usipake oili chafu kwenye hozi za breki wala bushi, huoza raba.

Ikibidi hedi ifunguliwe. Nunua gasketi ya hedi na sili za slivu kwanza, ndipo uguse bolti. Legeza hedi kwa kuitikisa upande kwa upande. Ukiivuta juu kwa nguvu, gasketi iliyogandamana huinua slivu, na sili za chini huvunjika. Hedi ikitoka, zibane slivu mara moja kwa bolti na washa pana, na krenki (shafti inayopandisha na kushusha pistoni) isizungushwe hata kidogo kabla ya hapo. Hapa ndipo injini nyingi nzima huharibika: fundi anazungusha krenki ili asafishe pistoni, slivu zinapanda, na wiki moja baadaye maji yamo kwenye oili. Peleka hedi ikapimwe unyoofu kabla ya kuirudisha. Kaza kwa spana ya torki kuanzia katikati kwenda nje, washa injini mpaka ipate moto, iache ipoe kabisa, kaza tena, kisha rudia hatua ya 6.