Kuzoa Taka au Kuondoa Vitu vya Nyumba Nzima: Jinsi ya Kuchagua Huduma Inayokufaa

Watu wengi wanapotaka kupunguza vitu nyumbani huanza kwa kuuliza mzigo wote utajaza malori mangapi. Swali hilo lina nafasi yake wakati wa kupatana bei, lakini halisaidii kuchagua huduma. Swali la kuanzia ni kama kila kitu kinachotakiwa kutoka kimeshaamuliwa kuwa ni taka. Ikiwa kimeshaamuliwa, unachohitaji ni wazoa taka, hata kama mzigo ni mkubwa. Ikiwa bado kuna vitu vya kutazamwa, kuchambuliwa, kugawiwa ndugu, kuuzwa au kuhifadhiwa, unahitaji watu wa kuondoa vitu vya nyumba nzima, hata kama nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili tu.

Wazoa taka hufanya kazi moja, na wakiwa wazuri huifanya upesi: unawaonyesha rundo, wanalipakia, wanakwenda nalo. Hawafungui droo wala hawasomi karatasi, na hawakuulizi kama kabati hili bado linafaa. Kwao kila kilichoonyeshwa kwa kidole ni cha kutupwa. Huduma hii inafaa baada ya ukarabati, unapobadilisha samani, unaposafisha stoo ambayo yaliyomo unayajua, au unapokata miti na kubaki na matawi yasiyo na pa kwenda. Kwa kazi za namna hii hakuna sababu ya kulipia zaidi ya hapo.

Huduma ya kuondoa vitu vya nyumba nzima ni kazi ya aina nyingine, ingawa lori linaweza kuwa lilelile. Hapa wafanyakazi hupita chumba kwa chumba, darini, stoo na uani, wakitenganisha vinavyoweza kuuzwa, vya kutolewa msaada, vya kurejelezwa na vya kwenda dampo, na mwishoni huacha nyumba tupu, mara nyingi ikiwa imefagiliwa. Watu huihitaji mwenye nyumba anapofariki, mzee anapohamia kwa watoto wake, nyumba inapouzwa, au mpangaji anapoondoka na kuacha kila kitu nyuma. Gharama yake ni kubwa zaidi kwa sababu unalipia saa za kuchambua pamoja na nguvu za kubeba.

Uchambuzi huo ndio sehemu inayostahili umakini wako wote, kwa kuwa kilichokwisha kutupwa hakirudi. Nyumba iliyokaliwa miaka mingi huficha karatasi mahali ambapo hakuna mgeni angepafikiria: hati ya kiwanja ndani ya kava la kitabu kikubwa, wosia katikati ya magazeti ya zamani, fedha chini ya godoro au katika mfuko wa koti ambalo halijavaliwa kwa miaka mingi, pete katika kopo la vifungo. Droo za kabati za zamani nazo zina tabia ya kuangusha karatasi nyuma yake, kwa hiyo chomoa kila droo kabisa na uangalie uwazi uliobaki kabla kabati halijatoka mlangoni. Mchambuzi makini hukung'uta kila kitabu na kupapasa kila mfuko. Mzoa taka hana muda huo, wala si haki kumdai, kwa sababu hukumlipa kwa kazi hiyo. Simu na kompyuta za zamani ziwekwe kando pia, kwa kuwa zinaweza kuwa bado na picha, nywila na taarifa za benki.

Ikiwa mwenye vitu amefariki, kuna hatua inayotangulia hata kumwita mtu wa lori. Hakikisha anayetoa agizo la kuondoa vitu ana mamlaka ya kufanya hivyo, ama kama msimamizi wa mirathi au kwa ridhaa ya warithi wote. Piga picha za kila chumba kabla kitu chochote hakijasogezwa, kisha uandike orodha ya vitu vyenye thamani na kuwaonyesha wahusika. Ninalisisitiza hili kwa sababu ugomvi wa ndugu juu ya cherehani moja au albamu ya picha unaweza kudumu kuliko ugomvi wa fedha, na picha pamoja na orodha hiyo hutosha kuuzuia mara nyingi.

Vipo vitu ambavyo huduma zote mbili zinaweza kuvikataa, au kuvichukua kwa masharti maalumu tu. Betri za lithiamu zikibanwa ndani ya lori la kushindilia taka zinaweza kuwaka moto. Taa za mirija za zamani, zisizo za LED, zina zebaki. Mitungi ya gesi, rangi, viuatilifu na dawa zilizokwisha muda havipaswi kuchanganywa na taka za kawaida. Majokofu yanahitaji kutolewa gesi ya kupoozea na mtu mwenye ujuzi, na yale ya zamani sana yanaweza kuwa na gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, ambazo Itifaki ya Montreal ya 1987 iliweka mpango wa kuziondoa. Hatari kuliko vyote ni mabati au vigae vya asbesto, kwa kuwa vikivunjwa hutoa nyuzi ndogo ambazo zikivutwa kwa pumzi zinaweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Ukivishuku, usiviguse wala usivivunje, waite wataalamu. Vitaje vitu hivi vyote tangu mazungumzo ya kwanza, badala ya kusubiri lori lifike mlangoni.

Kuhusu bei, uliza kwanza kipimo kinachotumika. Uzoaji wa taka mara nyingi hutozwa kwa ujazo au kwa uzito, na tofauti yake si ndogo. Magodoro mawili ya sponji yenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na unene wa sentimita 20 huchukua zaidi ya mita moja ya ujazo, ingawa kila moja linabebwa na mtu mmoja bila shida. Kwa upande mwingine, mita moja ya ujazo ya zege gumu ina uzito wa takriban kilo 2,400, na hata likivunjwa vipande na kuacha nafasi katikati, vifusi vyake bado huzidi tani moja. Kwa hiyo mwenye magodoro hunufaika na bei ya uzito, na mwenye vifusi hunufaika na bei ya ujazo iwapo kampuni itakubali. Nyumba nzima, kinyume chake, hukadiriwa kwa kutembelewa, na bei iliyotolewa kwa simu bila mtu kufika isichukuliwe kuwa ya mwisho. Ngazi nyembamba, ghorofa isiyo na lifti na lori kulazimika kuegesha mbali ni mambo yanayoongeza saa za kazi, kwa hiyo mkadiriaji aonyeshwe njia pamoja na vyumba.

Mara nyingi jibu zuri huwa ni kuzitumia njia zote mbili kwa kufuatana. Kama familia ina muda na watu, inaweza kufanya uchambuzi yenyewe, kutoa nyaraka, kumbukumbu na vitu vya thamani, kisha ikawaita wazoa taka kwa yale yaliyobaki. Hilo hupunguza gharama sana. Lakini ikiwa wanafamilia wanaishi mbali, au msiba bado ni mbichi kiasi kwamba hakuna anayeweza kufungua kabati la marehemu, kulipia huduma kamili ni uamuzi wa busara na hakuna haja ya kuuonea aibu.

Yeyote utakayemchagua, makubaliano yaandikwe. Yaeleze vyumba vinavyohusika, kitu gani kisiguswe, fedha au nyaraka zitakazokutwa zikabidhiwe kwa nani, na kama vitu vitakavyouzwa vitapunguza bei yako au vitakuwa mali ya kampuni. Uliza taka zinapelekwa wapi na udai risiti ya kupokelewa kwake, kwa kuwa taka zikikutwa zimetupwa kando ya barabara na ndani yake mna bahasha yenye jina lako, wewe ndiye utakayefuatwa kwanza. Usilipe fedha zote kabla ya kazi. Baki na sehemu ya malipo hadi utakapopita kila chumba pamoja na msimamizi wao, ukafungua makabati ya ukutani, ukatazama darini, na kupokea funguo zote mkononi.